Sifa za Baiskeli Inayolia

Baiskeli mpya ya milimani yenye shokomzoba mbele na nyuma haistahili lawama inapolia kama kitanda cha kamba, kwa kuwa mlio huo humwongoza mmiliki kwenye bolti za maungio, yaani sehemu zinazowezesha gurudumu la nyuma kupanda na kushuka, azikaze kwa spana ya kupimia nguvu, ambayo kwa hekima ya wafanyabiashara huuzwa kando. Shokomzoba ya hewa ya nyuma nayo, inayopaswa kuzama takriban asilimia 30 ya mwendo wake mpandaji akikaa, hudai pampu yake maalumu; gia zisizo na waya hudai chaji, na hivyo kumbakiza mwenyewe nyumbani, mbali na uchovu wa kupanda mlima. Baiskeli ya chuma ya muuza mkaa, maskini, haijapata kumpa mtu likizo ya namna hiyo.