Viatu vya Safari ya Mwezini

Nilipoarifiwa na binti yetu Zuhura, ambaye maskani yake siku hizi ni Orlando, kwamba Jumamosi ile yeye angekuwa kazini, na kwa hivyo mimi na mama yake ndio tutakaompeleka mjukuu wetu kutazama Kituo cha Anga cha Kennedy, pwani ya Florida, niliona kuwa huo si mwendo wa kwendewa ovyo kama watu waendao sokoni, bali wastahili taadhima. Na kwa minajili ya taadhima hiyo nikavaa viatu vyangu vipya vyeusi vya ngozi, ambavyo muuza duka aliniapia kuwa, ingawa vyabana kidogo, vitalegea vyenyewe kwa kuvaliwa. Mke wangu aliniangalia miguuni akasema, "Baba Zuhura, hivyo ni viatu vya harusi, tena harusi ya kukaa." Sikumjibu. Mtu aliyezaliwa Malindi, jirani ya Ngomeni, hafundishwi namna ya kuziendea roketi.

Fakhari yangu hiyo ina asili yake. Katika bahari ya Ngomeni Waitaliano walisimamisha jukwaa lao la San Marco, ambalo kwa mbali lilifanana na meza iliyosahauliwa majini, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchungua miali ya eksirei itokayo mbinguni, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile. Njia nzima nilimsimulia mjukuu wangu habari hizo kwa sauti ya mtu aliyeisukuma ile roketi kwa mkono wake mwenyewe, mpaka bibi yake alipomjulisha kwamba siku hiyo, kwa maneno yangu ya zamani kabla sijawa mtaalamu, nilikuwa nimejificha uvunguni mwa kitanda kwa kumwogopa mwalimu wa chuo.

Tulianza na bustani ya roketi, zilizosimama wima mithili ya minazi iliyokatwa makuti, wala hazina kivuli cha kumfaa mtu katika jua la Julai. Kutoka hapo tukaingia katika jumba la Atlantis, chombo kilichokwenda angani mara 33 baina ya mwaka 1985 na 2011, na sasa kimeinuliwa juu ya vichwa vya watu kwa kuinamishwa ubavu, milango ya tumbo lake wazi, kama kwamba kingali safarini. Hadhirina wote walinyamaza kwa ajabu ya jambo lile. Mimi nami nilinyamaza, lakini kwa sababu ya kidole gumba cha mguu wa kulia.

Basi la matembezi lilipoondoka nilivua viatu kwa siri chini ya kiti, nikaonja raha nisiyoweza kuieleza. Tuliliona jumba ambamo roketi huunganishwa viungo vyake, kimo chake mita 160, na milango yake huchukua kama dakika 45 hata ikafunguka yote, muda ambao mke wangu alisema si mwingi, kwani anamjua mtu atafutaye miwani kwa muda huo huo ilhali i usoni mwake. Tukaonyeshwa habari za gari kubwa lenye nyayo za chuma libebalo roketi hata uwanja wa kurushia, nalo likiwa na mzigo mwendo wake hauzidi sana kilomita moja na nusu kwa saa. Nikalionea huruma, maana mimi tangu adhuhuri nilikuwa nikienda vivyo hivyo bila ya mzigo. Mara dereva akatangaza kuwa yuko mamba mtaroni upande wa kushoto. Abiria wote wakaruka upande mmoja, na katika purukushani ile kiatu changu cha kushoto kikapigwa teke kikasafiri hata viti vya mbele, nami nikakifuata kwa magoti baina ya miguu ya watu wa mataifa mbalimbali, nikiomba radhi kwa kila goti nililoligusa. Nilipoinuka nacho mkononi, mamba alikuwa amekwisha kupitwa. Watu wote wa basi lile walimwona isipokuwa mimi.

Roketi ya Saturn V imelazwa ndani ya jumba lake, urefu wake mita 110 na zaidi, na mtu akiianza mkiani, penye midomo mitano ya moto ambayo kila mmoja ungeweza kummeza ng'ombe na mchungaji wake, hufika kichwani amekwisha kusahau alikotoka, seuze mwenye viatu vyangu. Humo mna kipande cha jiwe la mwezi ambacho wageni huruhusiwa kukigusa. Nilipofika zamu yangu niligundua kwamba nikiegemea pale mkono mmoja naweza kuupumzisha mguu mmoja, nikafumba macho, nikakaa vile kitambo, na walio nyuma yangu wakaniachia kwa adabu kubwa, wakidhani nimeshikwa na unyenyekevu mbele ya kazi ya Muumba.

Hapo ndipo mjukuu wangu, msichana wa miaka tisa asomaye kila kilichoandikwa, aliponiambia, "Babu, unajua Armstrong na Aldrin waliviacha viatu vyao mwezini?" Nikamtaka aeleze, naye akaeleza: mwaka 1969, kabla ya kuondoka, walivitupa nje viatu vyao vya juu, vile vya kukanyagia vumbi la mwezi, pamoja na vitu vingine visivyohitajika tena, ili chombo kipungue uzito, kwani walikuwa wamechukua zaidi ya kilo 21 za mawe na mchanga. Sijapata kusikia katika ilmu yote ya falaki neno lililoniingia moyoni kama hilo.

Alasiri tukaingia katika chumba cha kuigiza safari ya kupaa. Mlangoni twatakiwa tuweke vitu vyetu katika visanduku, nami nikavua viatu, na ufunguo wa gari nikausukumiza ndani ya kimoja hata penye vidole, kama tulivyokuwa tukificha senti zetu utotoni tulipokwenda kuoga baharini. Juu ya yaliyotokea ndani sitasema mengi: kiti kililala chali, dunia ikatetemeka, nikatoa shahada kwa sauti, na mtoto aliyeketi karibu nami akanipa peremende.

Tulipotoka miguu ilikataa kurudi gerezani. Nikaenda dukani kwa soksi, nikanunua kandambili zenye picha ya roketi, na karibu na lango la kutokea, mbele ya mke wangu ambaye ndiye aliyevilipia, nikasema kuwa naifuata sunna ya Armstrong, nikaviinua viatu vile juu ya pipa la taka na kuviachilia kimoja kimoja. Nikatembea hata kwenye gari nikiwa mwepesi kama mtu asiye na deni.

Nikatia mkono mfukoni. Nikautia mfuko wa pili. Mke wangu hakuniuliza kitu. Alinitazama miguuni tu, kama asubuhi.

Mlinzi wa lango alinisikiliza kwa upole, akanikabidhi pipa. Nilikuwa nimezamisha mkono hata begani, baina ya vikombe vya soda na masalio ya chipsi, kofia yangu imeniponyoka na kutangulia ndani, wakati mjukuu wangu alipoanza nyuma yangu, kwa Kiingereza chake cha Florida, kuhesabu kwa sauti kumi, tisa, nane, saba. Na familia moja ya wageni iliyokuwa ikipita ikasimama, ikaungana naye kuanzia tano.