Chapeo ya Muganga

Nina ugonjwa wa kofia za kale za jeshi, tena si za kila mwanajeshi: za madaktari tu. Ni ugonjwa mbaya kwa mtu anayekaa Cibitoke, avenyu ya nane, nyumba ya vyumba viwili na watoto watano. Mwenzangu wa Paris ana nafuu. Akiona kepi yenye ukanda wa mahameli nyekundu iliyokoza, hiyo ya daktari wa jeshi la Ufaransa. Mahameli ya kijani, mfamasia. Kazi imekwisha, anaenda kunywa kahawa.

Sisi wa Bujumbura tulipewa Wajerumani. Waliweka boma hapa wakati mji ukiitwa Usumbura, madaktari wao wakahangaika na malale kandokando ya Tanganyika, mpaka Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916. Lakini daktari wao akivaa chapeo ya jua alifanana na mwenzake wa bunduki kama ndagala na ndagala. Nyoka aliyejiviringisha kwenye fimbo, alama ya udaktari, alikaa begani, na bega limeshaoza zamani. Ile kofia yao pana ya kijivu, ya ukingo wa kulia uliokunjwa juu, ukanda wake mweupe ulisema tu kwamba huyu ni wa jeshi la Afrika Mashariki. Haukusema kama anashona majeraha au anayatoboa.

Basi fikiria nilivyolegea magoti nilipokuta sokoni, kwenye rundo la mitumba, chapeo yenye nyoka wa shaba kwenye paji. Nyoka alibandikwa kwa gundi, naam, nilimwona. Ila mwenye mapenzi haoni gundi. Nililipa bila kupatana, na muuzaji akanisindikiza kwa macho ya huruma.

Kosa langu la pili lilikuwa mdomo. Nilimwambia jirani, “Hii ni kofia ya muganga.” Mtu wa Kirundi akisikia muganga anafikiria hospitali, wa Kiswahili anaweza kufikiria hospitali, anaweza kufikiria hirizi. Habari ilitoka avenyu ya nane ikiwa na koti jeupe. Ilipofika ya kumi na mbili ilikuwa imeshavaa shanga.

Jumamosi asubuhi, hodi. Bibi mmoja, fimbo mkono huu, kuku mkono ule.

“Mjukuu wangu, niwekee kidogo tu. Goti linaniua.”

“Bibi, goti na kofia wapi na wapi?”

“Kichwa ndicho mkubwa wa goti.”

Sikuwa na jibu, mpaka leo sina. Alikaa nayo kichwani kama dakika tano, akatangaza kuwa maumivu yamehamia goti la pili, dalili kwamba dawa inatembea. Akaacha kuku.

Kuku naye alizunguka chumba kizima, akadharau kikapu alichotengewa, akachagua chapeo niliyoipindua rafuni. Mayai saba. Nilipotaka kumtoa, mke wangu akanizuia: “Wewe una kofia 1, yeye ana watoto 7.” Kuku huatamia siku 21.

Siku ya 15 akaja mzee wa Gitega, mtu anayezijua kofia kuliko waliozivaa. Nilimwonyesha hazina yangu ikiwa na mwenyewe ndani. Alipeleka mkono taratibu, akadonolewa, akaurudisha. Akabonyeza ukuta wa chapeo kwa kidole. Chapeo za kweli, akanong’ona, ni za magome ya mti au kiini cha mmea wa sola, nyepesi mno. Hii ni karatasi iliyoshindiliwa. Akawasha tochi ya simu chini ya ukingo. Kulikuwa na muhuri.

“Vietnam,” akasema. “Huko wanazitengeneza mpaka leo.”

“Amesema nini?” mke wangu akauliza kutoka jikoni.

“Amesema imetoka mbali.”

Hodi tena. Yule bibi, safari hii na dada yake, na jogoo. Mke wangu akawahi mlangoni akifuta mikono kwenye kitenge.

“Karibuni, bibi zangu. Ila muganga yuko kazini. Mrudi baada ya siku 6.”