Maua Hayangoji Likizo Yako

Mfyuuu! Leo kijiweni Kabwe kahawa imepoa vikombeni, sababu ni kijana mmoja aliyetuletea picha za Hifadhi ya Kitulo kwenye simu. Nyasi zimekauka, rangi ya kaki mpaka macho yanapoishia, na yeye mwenyewe kajikunyata ndani ya koti la baba yake. "Bustani ya Mungu ndiyo hii?" anauliza, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tukamuuliza, ulipanda lini huko, mwanangu? Julai. Julai! Mwalimu mstaafu akasonya hadi kashata ikamponyoka.

Jamani, hivi sisi tukoje? Tumezaliwa Mbeya hapa hapa, tunajua kabisa kwamba nyanda zetu za juu zina msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba na kutuacha karibu na Mei. Ua linafuata mvua. Kitulo linaanza kuchomoza mwishoni mwa Novemba, Desemba hadi Machi uwanda mzima unawaka rangi, Aprili bado utakuta la kukutazama. Baada ya hapo ni baridi. Ule uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na kipupwe kikishika, umande unaganda juu ya majani alfajiri. Sasa wewe unapanda na shati la Sabasaba kutafuta okidi! Okidi ipi hiyo?

Ila kijana nisimwonee. Wakubwa ndio wabovu zaidi. Kila Oktoba kuna mheshimiwa anafungua kundi la WhatsApp, "Kitulo Twenzetu", anaingiza watu bila kuwauliza. Mwezi mzima mjadala ni nyama. Mbuzi wawili au watatu? Mkaa nani? Spika itachajiwa wapi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza maua yanachanua lini. Desemba kila mtu kaenda kwao. Januari ada za shule, kundi kimya kama msiba. Februari, maua yako kileleni kabisa, mheshimiwa anaandika: "Wapendwa, tusubiri mvua ikate." Mvua ikikata si na maua yamekata, mzee! Mfyuuu.

Kijana akabisha, eti atapandaje kote huko wakati hata simba hakuna. Hapo ndipo mwalimu alipoweka kikombe chini. "Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, mjukuu wangu, ilitangazwa mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 412, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Siyo simba. Mimea." Aina kama 350 hivi, na kati ya hizo okidi zinazoota ardhini ni 45. Na kwa kuwa simba hayupo, unashuka garini unatembea kwa miguu yako. Serengeti ukijaribu hivyo tutakusomea dua.

Tena okidi za kule hazikungoji kwenye chungu. Ziko katikati ya nyasi, nyingine hazikufiki hata gotini. Unachuchumaa. Kuna jamii moja, shina limenyooka, viua vimejipanga kuanzia chini hadi juu, na kila kiua kina vijipembe viwili nyuma vya kuhifadhia asali. Ukipita mbio ukitafuta pa kupigia picha ya wasifu, hukuviona.

Safari ya siku moja kutoka mjini inawezekana, ila siyo ya kuondoka saa nne baada ya supu. Toka alfajiri. Lami mpaka Chimala, halafu unakunja kuupanda mlima kwenda Matamba, njia ya Hamsini na Saba, jina linalotokana na kona zake. Uzihesabu mwenyewe kama dereva hajakutapisha. Msimu wa mvua gari la chini liache nyumbani, chukua lenye kuvuta kwa magurudumu yote. Buti, koti la mvua, na ndizi zako za kuchoma. Utalowa. Anayetaka maua makavu yapo madukani, ya plastiki.

Halafu kuna wale wenzetu wenye jembe. Nyingi ya okidi hizi chini ya udongo zina viazi viwili, kimoja kimesinyaa kwa kulisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, akiba ya mwaka kesho. Mchimbaji anakitaka kile kigumu. Kinasafirishwa Zambia, kinasagwa na karanga na pilipili, kinapikwa chikanda, kinakatwa vipande sokoni. Watafiti walishakadiria kwamba viazi vinavyovuka mpaka ni mamilioni kwa mwaka. Sina ugomvi na chakula cha mtu, chikanda chenyewe ni kitamu. Ugomvi wangu ni na anayeingia hifadhini usiku na gunia, na pia na yule dada wa mjini anayechuma shada la kupambia kioo cha gari. Wote wawili wanavunja sheria, tofauti yao ni manukato tu.

Kwa hiyo tumekubaliana hapa kijiweni: michango inafungwa Novemba, safari ni Februari, mvua iwepo isiwepo, na mbuzi abaki zizini. Anayetaka Julai aende zake, njia anaijua. Ila asirudi hapa kutuambia Kitulo hakuna maua.