Mfano ni Baba

Nilikwenda shuleni kuomba muda wa kulipa karo, nikarudi nikiwa msamiati.

Ilikuwa siku ya wazazi. Nilivaa lile koti langu linalofanya kazi harusini na matangani, na viatu nikavipiga rangi mara mbili, maana tope la Kachibora mvua zikishakolea halijui mzee wala kijana. Nikapanga foleni hadi kwenye meza ya mwalimu wa Kiingereza, nikajitambulisha kuwa baba wa fulani, kidato cha tatu. Mwalimu akanitazama, akainama kama anayetafuta kalamu chini ya meza, mabega yakamtikisika. Alipoinuka macho yalikuwa yamemlowa.

"Karibu sana mzee," akasema. "Hapa tunakujua vizuri. Wewe ndiye 'procrastinate' wetu."

Nilidhani ni cheo, labda cha kamati ya wazazi. Nikamshukuru, nikamwahidi kwamba sitawaangusha.

Jioni nikafungua kamusi. Nikasoma kwamba ni tabia ya mtu kuahirisha jambo analopaswa kulifanya, mpaka jambo lenyewe likachoka kumngoja. Hilo la kuchoka nimeongeza mimi. Nikamwita binti yangu, nikamwomba daftari lake la msamiati. Akalileta taratibu sana, akakaa karibu na mlango.

Kwa asiye na mtoto wa kidato cha tatu, nieleze. Kila jioni mwalimu hutoa maneno kumi, akifuata alfabeti tangu mwanzo wa mwaka. Daftari limepigwa mistari likawa na safu tatu: neno, maana, sentensi ya mfano. Shabaha ni karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, pale kwenye kujaza mapengo, ambapo alama 10 zinamsubiri anayejua neno gani linakaa wapi. Mpaka hapo sina ubishi. Ubishi wangu uko kwenye safu ya tatu. Miaka yote hii nimejitafutia kwa kuandika safu kuhusu watu wengine; sikujua nyumbani kwangu kuna safu inayoniandika mimi.

Masharti ya safu hiyo ni mawili. Kwanza, sentensi isichotwe kwenye kamusi, itoke katika maisha ya mwanafunzi. Pili, neno lenyewe hata likifutwa, anayesoma aweze kulikisia. Ukiandika kwamba baba yako ni 'obstinate' ukaweka nukta, unapata sifuri, kwa sababu baba huyo anaweza pia kuwa mnene, mrefu au Mbukusu. Ni lazima ulete ushahidi.

Basi mtoto wangu ameleta ushahidi.

Kwenye 'deteriorate' kuna koti langu, lile lile la harusi na matanga, limeelezwa kuanzia kola hadi bitana. Kwenye 'obstinate' imeandikwa jinsi nilivyokataa kuuliza njia tukienda Bungoma kwa shangazi yao, tukazunguka soko moja mara tatu, na mara ya tatu mama wa ndizi akatupungia mkono. 'Procrastinate' ni mlango wa choo, ambao nimekuwa nikiutengeneza kesho tangu yeye akiwa darasa la sita. Na 'reluctant', ee Mungu wangu, 'reluctant' ni picha kamili: baba akitajiwa karo kwanza hukohoa, kisha hutoka nje kuangalia kama ng'ombe wamekunywa maji. Pembeni mwalimu amepiga alama nyekundu ya kukubali na kuandika kwamba mfano uko wazi kabisa.

Nikafungua kurasa za nyuma nikitafuta neno zuri lenye jina langu. 'Diligent' amepewa mama yao. 'Punctual' ni kijana wa bodaboda. 'Loyal' ni mbwa. Kwenye 'magnificent' nilitua nikiwa na matumaini, kwa sababu sentensi ilianza na mtu anayesimama shambani asubuhi akitazama milima ya Cherang'any. Kumbe ni ng'ombe wetu wa maziwa.

"Mama," nikamwambia binti, kwa sauti ya upole inayotangulia kesi, "hakuna mtu mwingine katika kijiji hiki?"

"Wapo, baba. Lakini mwalimu alisema tutumie mfano tunaoujua vizuri."

Nikakata rufaa jikoni. Mama watoto akafuta mikono, akasoma ukurasa wa P wote, akarudia, akanirudishia daftari. "Baba watoto," akasema, "nionyeshe uongo uko wapi." Kesi ikafa hapo.

Nikataka kumwombea mtoto ruhusa kwa mwalimu aandike mifano kutoka kwenye kamusi kama Wakristo wengine, lakini kamusi yenyewe ndiyo ile. Niliinunua Kitale, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa juu ya turubai. Muuzaji aliniapia kwamba ni nzima. Nilipofika nyumbani nikakuta imekatikia mwisho wa S, kana kwamba mtu alitafuna Kiingereza akashiba. Ukurasa wa mwisho una 'symptom'. Maana yake kwetu dalili tunazo, 'treatment' ilibaki Kitale. 'Wealth' haipo, 'victory' haipo, 'wisdom' haipo. 'Trouble' nayo haipo, ila hiyo hatukuhitaji kamusi.

Na hata kurasa zilizopo zina kiburi chake. Kamusi za wanafunzi za namna hii zilianzia kwa mwalimu mmoja Mwingereza, A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani. Yake ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaichukua na kuitoa 1948, na ndiyo mama wa hizi tunazobeba mikobani. Hornby alitaka mgeni aambiwe maana, halafu aonyeshwe pia neno linavyotembea: lina wingi au halina, linafuatwa na nini. Nia njema. Ndiyo maana kando ya nomino utakuta herufi ndogo inayokuambia kama kitu hicho kinahesabika. Nikaangalia 'maize'. Haihesabiki!

Haihesabiki kwa nani? Hapa Trans Nzoia mahindi yanahesabiwa kuliko siku za mimba. Tunayahesabu kwa gunia la kilo 90, kwa debe, kwa gorogoro, na mwezi wa Julai ghala likionyesha sakafu tunayahesabu kwa hindi moja moja, na mtoto akichoma mawili badala ya moja kuna kikao. Dalali anayahesabu, bodi ya nafaka inayahesabu na kuyapima unyevu juu. Ni kamusi tu isiyoweza. Na 'money' vilevile wameiandika kwamba haihesabiki. Hapo sikubishana nao. Nilifikiria Januari, nikageuza ukurasa.

Si mimi wa kwanza kuonewa kwa sentensi ya kamusi. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755, alifika kwenye 'oats' akaeleza kwamba ni nafaka wanayopewa farasi Uingereza, lakini Uskoti inategemewa na watu. Taifa zima likachapwa kwa neno moja, tena la uji. Johnson huyo huyo mifano yake mingine, zaidi ya laki moja, aliichota kwenye vitabu vya waandishi. Laiti binti yangu naye angechota vitabuni. Yeye anachota sebuleni.

Wabukusu, nikiri, walilimaliza jambo hili zamani bila daftari. Mtoto wa wakati wa njaa wakamwita Wanjala, wa mvua Wafula, wa mavuno Nekesa. Neno, maana na mfano vyote viko pamoja, na mfano wenyewe unanyonya.

Nikaamua kujisafisha. Kama mtoto anaandika anachokiona, basi aone. Jumamosi ile nilinunua bawaba mbili na misumari, nikavua shati mbele ya watu, nikautengeneza mlango wa choo kuanzia saa tatu hadi saa saba. Sasa unafunga. Kufungua ndiko kunahitaji mtu wa pili upande wa nje, lakini huo ni ufundi mdogo nitakaoumalizia kesho. Nikahakikisha binti yangu amenipita mara kadhaa nikiwa na nyundo mkononi. Jumatatu jioni darasa lilikuwa limefika S. Nikavizia akaenda kuchota maji, nikafungua daftari.

'Sincere' hakuna. 'Skilful' ni fundi wa cherehani pale stendi. Nikateremka mpaka 'stunned'. Imeandikwa kwamba siku baba alipotengeneza mlango wa choo, familia nzima ilisimama uani bila kusema neno, na bibi akauliza nani amekufa. Alama nyekundu mbili. Mwalimu ameomba ruhusa ya kuisomea darasa.

Wiki ijayo wanaingia T. Hapo nina kisasi cha zamani. Nikiwa shule ya msingi, niliandika katika insha kwamba mjomba wangu anatarmaki Nairobi, nikimaanisha anatembea na bahasha yake ya vyeti akitafuta kazi, kama kila Mkenya anavyojua. Mwalimu aliniita mbele, akaniuliza kama mjomba wangu ni barabara. Nilichapwa vinne. Mwaka 2022 ile kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na humo imo 'tarmac' kwa maana ile ile ya mjomba, ikiwa pamoja na 'sambaza', 'chapo', 'nyama choma' na 'come-we-stay'. Mjomba alistaafu bila kujua kwamba ameingia kamusini. Vile viboko vyangu vinne sijui nimdai nani, kwa sababu kupiga wanafunzi kulipigwa marufuku 2001 na mwalimu wangu alishatangulia mbele ya haki.

Nimemshauri binti aliandike 'tarmac', na mfano amtumie kaka yake mkubwa, ambaye ana digrii na viatu vilivyoisha kisigino. Itakuwa mara ya kwanza mwaka huu mwenye makosa si mimi. Amekubali, ila anasema kwa maneno mengine ya T atahitaji kamusi, na asipoipata atalazimika kukisia kwa kutazama watu wa nyumbani. Mwalimu ameshawatajia neno la kwanza: 'temper'.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji. Ikiwa kuna mtu alinunua pale Kitale, kwenye turubai, kamusi isiyo na gamba la mbele na inayoanzia T, tafadhali aniletee stendi ya Kachibora kabla ya Jumatatu. Nitampa gorogoro mbili za mahindi, na nitamhesabia mbele ya macho yake.