Mbuzi wa Sauti: Uchunguzi wa Aibu Moja ya Kongolo

Aibu inayotokana na ujumbe wa sauti ina sifa moja inayoitenga na aibu nyingine zote zinazomfika binadamu: inaweza kusikilizwa upya. Mtu anayeteleza sokoni huanguka mara moja, akajifuta matope na kwenda zake, na mashahidi hubaki na kumbukumbu ambayo hufifia kadiri mvua zinavyopita. Lakini anayeteleza ulimi ndani ya simu huanguka kila mara kidole cha mtu mwingine kinapogusa kioo, kwa sauti ileile, kwa kikohozi kilekile cha katikati, na kwa jogoo yuleyule anayewika nyuma yake katika sekunde ya 40. Aibu inayochunguzwa hapa ilitokea Kongolo, mji wa reli ulio ukingoni mwa mto Lualaba katika jimbo la Tanganyika, nchini Kongo; ina umri wa siku sita tu, na jogoo wake bado yu hai.

Ujumbe wenyewe ulidumu dakika 2 na sekunde 14. Ulirekodiwa na mtu ambaye makala haya hayana haja ya kumtaja, kwa kuwa mke wa mwandishi anamfahamu vizuri, na ulikusudiwa mdogo wake wa kiume aliye mbioni kuoa. Ulihusu orodha ya mahari, yaani karatasi ambayo ukoo wa binti huukabidhi ukoo wa mume ili ujue vitu vinavyopaswa kuitangulia ndoa: mbuzi watatu, bidoni mbili za mawese, vitenge, gunia la chumvi na, kwa kalamu ya rangi nyingine na mwandiko usiofanana na ule wa juu, koti la mzee mmoja wa upande wa binti. Koti ndilo lililomchoma mrekodi. Katika sekunde ya 52 alisema kwamba mzee huyo akiachwa aendelee hivyo, kesho ataomba na daraja la Lualaba lenyewe, pamoja na treni iliyo juu yake, ikiwa siku hiyo treni itakuwa imefika. Kisha akaachia kidole, na maneno yakaenda si kwa mdogo wake, bali katika grupu la koo zote mbili, lenye watu 87, ambalo picha yake ya utambulisho ni ileile ya wachumba ambayo bwana harusi ameiweka katika simu yake mwenyewe.

Ukubwa wa janga hili hauwezi kueleweka bila kuifuata njia ambayo ujumbe wa namna hiyo huipita. Sauti ikishaingia katika simu hugeuzwa kuwa tarakimu, hubanwa ili isile mega nyingi (mega ni kipimo cha data ambacho watu wa Kongolo hukinunua kidogo kidogo kama chumvi), kisha hufungwa kwa ufunguo unaopatikana ndani ya simu za wahusika pekee. Utaratibu huo wa kufunga, ambao WhatsApp iliueneza kwa watumiaji wake wote mwezi Aprili 2016, ni kazi ya hisabati inayostahili heshima, kwa sababu hata kampuni inayoubeba ujumbe haiwezi kuufungua na kuusikiliza. Kwa hiyo inaweza kusemwa bila kutia chumvi kwamba maneno yale juu ya koti yalifichwa kwa ustadi mkubwa kwa wanadamu wote wa dunia, isipokuwa wale 87.

Halafu zipo alama. Alama moja ya vema huonyesha kwamba ujumbe umepokewa na seva, yaani kompyuta ya mbali inayokusanya na kugawa. Mbili huonyesha kwamba umefika katika simu ya mlengwa. Na rangi ya buluu, iliyoanza kutumika mwezi Novemba 2014, huonyesha kwamba umefunguliwa. Katika grupu, hata hivyo, kanuni hubadilika: alama ya pili haitokei mpaka simu ya mwanachama wa mwisho kabisa iupokee ujumbe, na aliyechelewa huhifadhiwa mzigo wake katika seva kwa muda usiozidi siku 30. Siku hiyo simu moja kati ya zote ilikuwa imezimwa, kwa kuwa ilikuwa imepelekwa katika kibanda cha kuchajia, ambako simu za mtaa mzima hulala juu ya meza moja chini ya bamba la sola, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Ilikuwa simu ya mzee wa koti. Kwa sababu hiyo mrekodi, kila alipotupa jicho, aliona alama moja tu, akahukumu kwamba rezo, kama mtandao wa simu unavyoitwa huku, imemgomea mdogo wake, akaendelea kunywa chai kwa dakika tisa nzima huku makumi ya watu wakimsikiliza. Alizinduliwa na maandishi mafupi ya shangazi wa binti: “Tunakusikia, mkwe.”

Hapo ndipo kilipotafutwa kitufe cha kufuta kwa wote. Kitufe hicho kilipoletwa mwaka 2017 kilimpa mkosaji dakika 7 tu za kutubu; mwaka 2018 muda huo ukaongezwa ukawa saa 1, dakika 8 na sekunde 16, hesabu ambayo hakuna padri angeibuni; na tangu Agosti 2022 umezidi siku mbili. Mtu anaweza kudhani kwamba kufuta ni kuuvuta ujumbe urudi nyumbani, kama mvuvi avutavyo wavu, lakini sivyo. Kinachotokea ni kwamba amri ya pili hutumwa kwa njia ileile ya kwanza, ikizitaka simu zote ziondoe kilichotangulia, na mahali pake husimikwa tangazo dogo kwamba ujumbe umefutwa. Tangazo hilo ni kaburi bichi kando ya njia, ambalo hakuna mpitanjia asiyeuliza aliyelala humo. Watu ambao hawakuwa na mpango wowote wa kusikiliza dakika mbili za malalamiko juu ya koti waliamka wote wakaulizia kilichofutwa.

Walijibiwa upesi, kwa maana amri ya kufuta haizigusi nakala zilizokwisha kusambazwa kwingine. Usambazaji umewekewa mpaka wa mazungumzo matano kwa mara moja tangu Januari 2019, baada ya uvumi uliopita katika simu kusababisha mauaji nchini India, na huo ni mpaka wa busara. Ila ukoo wa Kongolo ukipewa nafasi tano hauhitaji ya sita. Mzee aliporudishiwa simu yake ikiwa imejaa moto, alipokea kwanza kaburi, kisha, kutoka kwa mpwa mmoja mwenye moyo wa kusaidia, maiti yenyewe ikiwa na kibandiko cha kuonyesha kwamba imesambazwa.

Wazee walioishi kando ya mto huu walijua zamani kwamba sauti ni mali ya umma. Huko chini, Lualaba inapogeuka kuwa mto Kongo karibu na Kisangani, Walokele walisifika kwa ngoma za kusemea, magogo yaliyochimbwa tumbo na kupewa sauti mbili, ya juu na ya chini. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyezichunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1949, alieleza kwamba ngoma hutoa kupanda na kushuka kwa neno tu, bila herufi zake, na kwa kuwa maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa, mpigaji hulazimika kulitandaza kila neno kuwa kifungu kizima: mwezi hauwi mwezi tu, bali mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Mpiga ngoma aliyetaka kulalamikia koti angehitaji kulieleza vazi, mikono yake, mwili wa mzee unaoingia ndani yake na baridi ya asubuhi inayolifanya litamaniwe, na kabla hajalimaliza hasira ingekuwa imepoa. Simu imempa kila mtu gogo la kupigia, ikamwondolea ule uchovu wa mikono uliokuwa ukimlinda.

Itaulizwa kwa nini mrekodi hakuandika. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai, lakini barua ya ofisi na mtihani wa shule huja kwa Kifaransa, hivyo mtu anayesema Kiswahili kutwa nzima hushikwa na kigugumizi cha vidole anapotaka kukiandika, na ujumbe wa sauti wa kubonyeza na kushikilia, ulioanza Agosti 2013, ulimfikia kama likizo. Kabla yake palikuwa na blogu, yaani shajara ambayo mtu huiandika hadharani na kuipanga kwa tarehe; Ndesanjo Macha wa Tanzania alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kuiandika kwa Kiswahili, na Issa Michuzi, aliyeanza ya kwake mwaka 2005, aliiita globu, kana kwamba ni taa. Mrekodi naye aliwahi kuwasha yake, ikawaka miezi minne, ikasomwa na yeye mwenyewe. Wala koti si kosa lake la kwanza katika simu: mwaka mwingine aliweka picha ya sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopikwa, badala ya picha ya marehemu. Mwaka jana alimpongeza mjane.

Linalouma zaidi ya aibu ni ubora wa rezo siku hiyo. Mwezi Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa maandishi ulizimwa nchini kwa zaidi ya wiki tatu. Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Na tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa tena kwa takriban siku 20, ndugu wasijuliane hali. Hata rezo ilipokuwapo haikuwa ya bure: kuanzia Septemba 2020 watumiaji walikatwa uniti zao kwa ajili ya RAM, daftari la kusajili simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kizazi cha pili na dola 7 kwa ile ya kizazi cha tatu au cha nne, mpaka tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2022. Mtu aliyenunua uniti za kumpigia muuguzi alizikuta zimepungua kabla hajasema alo. Mashine inayoweza kunyamazishwa nchi nzima kwa amri ya siku moja haikuweza kukwama kwa dakika tisa kwa ajili ya koti moja.

Mzee alijibu jioni, katika grupu, kwa sekunde 11, bila kupandisha sauti: “Mwanangu, tumesikia. Daraja tunakuachia. Mbuzi aongezwe mmoja.” Jibu hilo halijafutwa, na alama zake zote zimegeuka buluu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na msomaji anaombwa alitazame jina lililo juu ya kioo kabla ya kuachia kidole. Mbuzi wa nne alivuka daraja Jumamosi asubuhi, kwa miguu, pamoja na koti.