Mwongozo wa Kumbadilisha Mzee Bila Kumuua

Anza na mabeseni. Kabla hujashika spana, kabla hata ya kufungua boneti, nenda sokoni ukanunue mabeseni matatu ya plastiki, mitungi miwili na furushi la matambara, uyapeleke gereji na kuyaandika kwa rangi: YA GARI. Beseni la jikoni likishaingia oili ya injini halirudi jikoni tena, na hakuna gari linalokamilika katika nyumba ambayo mama watoto ananusa mchele kabla ya kuuosha. Amani ya nyumbani ndiyo kipuri cha kwanza, na dukani hakiuzwi.

Gari ninalolizungumzia ni Datsun 240Z. Kama wewe una MGB au Alfa Romeo, mengi humu yatakufaa pia, ila mimi naeleza ninalolijua kwa vidole. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969: milango miwili, viti viwili, boneti ndefu kama mtumbwi, kabureta mbili, na injini ya silinda sita zilizopangwa safu moja, ujazo wa sentimita 2,393. Wamarekani walilipenda kwa sababu liliuzwa kwao dola 3,526 tu. Sisi tulilipenda kwa sababu ya matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo akiwa na Lofty Drews, baada ya kufungana pointi na Harry Källström, ambaye yeye pia alikuwa kwenye Datsun, ila nyingine. Ndiyo maana ukilipitisha leo mahali kama Naivasha, yuko mzee atakayesimama, avue kofia, na akusimulie vumbi lililomwingia machoni akiwa mtoto kando ya barabara. Msikilize hadi amalize. Hiyo nayo ni sehemu ya matengenezo.

Langu ni la 1972. Nililikuta nje ya Nakuru chini ya mjakaranda, kuku wametagia nyuma ya kiti cha dereva. Mwenyewe aliniuzia gari, akabaki na mayai.

Sasa kanuni, na nitaisema mara moja: usikate usichoweza kurudisha. Kila badiliko likae kwenye matundu ya bolti yaliyokuwepo tangu kiwandani, na kila kinachotoka kiingie kwenye boksi lenye lebo, pamoja na nati zake. Kuna watu waliokata madigadi ya magari haya ili matairi mapana yaingie, wakatoboa sakafu kupitisha egzosi, wakakata dashibodi kuingiza redio. Wakati huo yalikuwa magari makuukuu tu. Siku hizi anayelitaka dashibodi zima analitafuta kama dawa.

Jirani yako atakuja siku ya pili. Hawakosi. Ataegemea lango, atazame ndani ya boneti, na kusema: “Mkubwa, tupa hiyo, weka ya Toyota.” Mkaribishe chai, umkatalie. Injini ya asili ya gari hili ni chuma cha kudumu, na ukiona lazima upate nguvu zaidi, ndugu yake wa damu aliyetumika kwenye 280Z, mwenye ujazo wa 2,753, anakaa kwenye vishikilio vile vile bila kukata kitu. Kumbuka tu kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku, na rangi pia, kwa hiyo badiliko la namna hiyo lina safari yake ya ofisini. Lakini nguvu ni habari ya mwisho kabisa. Gari hili halijawahi kumuua mtu kwa kwenda polepole.

Kinachoua ni kutu, na kutu huficha. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe polepole juu ya bati. Inaposhika, kuna chuma. Inapoteleza na kuanguka, hapo chini ni fila, na chini ya fila kuna tundu. Pita kwenye madigadi, kisha kwenye ile kona iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, kisha chini ya betri, ambapo asidi imekuwa ikidondoka kwa nusu karne. Halafu lala chali chini ya gari ugonge mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Mlio mkavu wa chuma ni habari njema. Ukisikia mlio mzito kama wa kugonga gunia, weka nyundo chini na utafute mtu wa kuchomelea.

Na kabla ya kulala huko chini, tafadhali sana: si juu ya mawe ya ujenzi. Najua tumezoea. Jiwe la saruji hubeba gari kwa wiki nzima bila neno, kisha likapasuka mara moja. Nunua stendi nne za chuma, ziweke mahali ambapo bati ni nene, kisha lisukume gari kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama nje. Likitikisika, halijakaa. Siku ya kuchomelea, chomoa betri, na tangi la petroli litoke kabisa, likae nje mbali na cheche. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinachowaka ni mvuke.

Bati likishakuwa zima, breki. Hapa ndipo gari hili linaponipa furaha isiyoisha. Mbele lina diski, na kalipa zake zina pistoni mbili mbili. Nyuma lina ngoma. Kwa mwendo wa 1972 zilitosha. Kwa kuteremka Mai Mahiu nyuma ya lori la mitungi ya gesi, hazitoshi. Wenye magari haya duniani waligundua zamani kwamba kalipa za Hilux ya kuvuta magurudumu yote manne, zile za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zenye pistoni nne, zinaingia kwenye matundu yale yale ya bolti ya 240Z, na diski ya asili inabaki ilivyo. Hukati kitu. Unakunja tu kile kibati cha kuzuia vumbi, na kutengeneza upya kipande kifupi cha paipu ya breki.

Fikiria maana yake kwa mtu wa huku. Sisi tunaenda Kirinyaga Road, ambayo kila mtu bado anaiita Grogan, na tunazikuta zimening'inia kama ndizi.

“Shikamoo, mzee. Natafuta kalipa za mbele za Hilux, za pistoni nne.”

“Marahaba, kijana wangu. Hilux yako ya mwaka gani?”

“Si ya Hilux, mzee. Nataka kuzifunga kwenye Datsun 240Z.”

Alinyamaza, akafuta mikono, akaenda nyuma ya duka. Alirudi na kalipa mbili zilizofungwa gazeti, akaziweka mezani taratibu kama anayerudisha amana. “Herrmann nilimwona,” akasema. “Hizi nipe ulicho nacho.”

Nilimlipa bei kamili, nawe fanya hivyo hivyo. Ila kalipa za mtumba usizifunge kama zilivyo. Zifungue, sukuma pistoni nje kwa hewa huku mbao imekinga vidole vyako, na uzikague kwenye mwanga wa jua. Pistoni iliyoliwa na kutu, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano, itakula mpira mpya. Badilisha mipira yote. Kisha toa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mtu mmoja akikanyaga pedali, mwingine akifungua nati. Kubalianeni maneno mapema: “kanyaga”, “shikilia”, “achia”. Maneno matatu tu, na anayekanyaga asiachie mpaka aambiwe. Mafuta ya breki yakidondokea rangi, mwaga maji hapo hapo, maana yanaimenya.

Kwenye umeme nitapita haraka, isipokuwa taa kubwa. Umeme wake wote hupita kwenye swichi ya usukani na kwenye boksi la fyuzi. Weka balbu mbili za wati 60 kwenye betri ya volti 12 na una ampia 10 zinazopita kwenye vishikio vya shaba vilivyochoka. Vinapata moto, plastiki inayeyuka, na siku moja usiku taa zinazima kwenye kona. Dawa yake ni relei: swichi inabaki na kazi ya kutoa amri, na mzigo unapita moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Mwambie fundi wa waya jambo moja kabla hajaanza, kwamba katika gari hili swichi ya kubadilisha taa kamili na taa hafifu hukata upande wa ethi, si upande wa umeme. Asipojua hilo atazunguka siku nzima na atalilaumu gari. Ukichoka na pointi, distribyuta ya kielektroniki ya 280ZX inaingia mahali pa ile ya zamani. Ile ya zamani, boksi na lebo.

Kabureta zinataka asubuhi yenye utulivu na mpira wa mita moja, ule wa kunyonyea petroli, ila mpya. Pasha injini moto, ondoa kisafisha hewa, weka ncha moja ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Utasikia hewa inavuma. Hamia ya pili. Kama moja inavuma kuliko mwenzake, zinagombana, na injini inatetemeka kwa ugomvi wao. Rekebisha skrubu kidogo kidogo mpaka sikio lako lishindwe kuzitofautisha. Kisha nati za chini, zinazopima petroli: zifunge mpaka juu, zirudishe chini mizunguko miwili na nusu, anzia hapo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo plagi zikitoka na masizi, panda nusu mzunguko. Lakini siku ya kushuka Mombasa rudisha petroli, la sivyo ukifika Mariakani plagi zitakuwa nyeupe kama mfupa na injini inaungua kimya kimya. Mimi nina alama ya rangi kwenye kila nati, nyekundu ya Nairobi na buluu ya Mombasa.

Rangi ya bodi ni yako. Wengi hutaka nyekundu yenye boneti nyeusi, kama magari ya kiwanda yaliyokimbia Safari, na mimi ni mmoja wao. Bampa pana, mapezi na egzosi ya kuamsha mtaa siwezi kukushauri, kwa sababu mstari wa gari hili kuanzia boneti mpaka mkia haukosi kitu. Simama kando yake saa kumi na mbili jioni, jua likiwa chini, uone.

Limebaki jambo la mkia huo huo. Umbo lake la kuteremka huvuta moshi wa egzosi na kuurudisha ndani ya gari kupitia mlango wa nyuma, na wenye 240Z wengi huendesha miaka wakidhani kichwa kinawauma kwa sababu ya jua. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu. Badilisha mpira wote wa mlango, mipira midogo inayokaa nyuma ya taa, na vizibo vyote vya mahali waya zinapopita. Kisha pima. Funga mlango juu ya karatasi na uivute: ikitoka bila kupingwa, mpira haubani. Na usiku, injini ikiwa imezimwa, weka mtu ndani na tochi.

Sisi tulipima Jumamosi, baada ya chakula. Binti yangu aliingia ndani akalala pale mizigo inapokaa, tochi kifuani. Nilifunga mlango, nikazima taa ya gereji, na kuzunguka nyuma na kipande cha chaki.

“Baba, unaniona?”

“Bado. Sogeza kushoto.”

Mwanga ukatambaa ndani ya kioo, ukashuka.

“Hapo?”

Juu ya taa ya kushoto palionekana uzi mwembamba wa mwanga, urefu wa kidole. Niliuwekea alama ya chaki.

“Hapo. Usiondoe. Sasa nenda kulia.”