Maombi ya Mama Mkwe

Mikael Åkerfeldt hanifahamu, na hilo limemwepusha na mengi. Ndiye mwimbaji na mpiga gitaa wa Opeth, bendi ya Stockholm, Sweden, inayopiga metali ya progresivu: nyimbo za dakika kumi, mapigo yanayobadilika kila ukianza kuyazoea, mguu wa msikilizaji ukabaki hewani haujui utue wapi. Albamu yao ya pili, Morningrise ya mwaka 1996, ina wimbo unaopita dakika 20. Chai inachemka, inanywewa, vikombe vinaoshwa, na wao bado wamo.

Kilichoninasa ni koo. Åkerfeldt alikuwa nazo mbili: moja laini, ya kubembelezea mtoto, nyingine ya kunguruma, inayotoka huko chini tumboni. Utamu wote ulikuwa pale zinapopokezana. Gitaa linadonolewa taratibu, jamaa anaimba kwa upole, unajisahau, mara ananguruma na ngoma zote zinakuangukia. Blackwater Park ya mwaka 2001, waliyoitengeneza pamoja na Steven Wilson wa Porcupine Tree, imejaa mitego hiyo. Niliijua yote, na bado ilininasa.

Nyumbani kwangu Dar, koo ya pili ilisikilizwa kwa siri. Mama mkwe alikuwa akikaa nasi, na mtu na mkwewe wana mipaka yao. Hata kucheka mbele yake nilikuwa napima. Basi nikawa navaa spika za masikioni, hadi jioni moja mtoto alipojikwaa kwenye waya, ukachomoka kwenye kompyuta, na Åkerfeldt akaingia sebuleni katikati ya mngurumo. Mama mkwe alikuwa anachagua mchele. Ungo uliruka kivyake, yeye kivyake.

“Shindwa!” aliikemea kompyuta, mkono kaunyoosha.

Nikamweleza kwamba ni mwimbaji tu, Mswidi, mtu mstaarabu. Akanitazama kwa huruma. “Baba Neema, mtu mzima halii hivyo kama hana kitu.” Tangu usiku ule Mswidi akapewa nafasi yake katika maombi ya familia, baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri.

Balaa ni kwamba maombi yalijibiwa.

Septemba 2011 ikatoka Heritage. Wimbo wa kwanza, kinanda kitupu. Nikasema anavuta pumzi. Wa pili, kimya cha koo. Wa tatu vilevile. Nikaenda hadi mwisho wa albamu kama abiria anayemsubiri kondakta amrudishie chenji. Badala ya mngurumo nilipewa roki ya miaka ya 1970: vinanda vya kizamani, jazi kidogo, filimbi. Zilipendwa kabisa! Kweli, Damnation ya mwaka 2003 nayo haikuwa na mngurumo, lakini ile ilirekodiwa sambamba na Deliverance, nzito kwelikweli, kwa hiyo tulihesabu kuwa mzee anapumzisha koo. Jalada la Heritage lina mti uliozaa vichwa vya wanabendi, kimoja kinadondoka, cha mpiga kinanda Per Wiberg aliyekuwa anaondoka. Kichwa changu sikukiona, ingawa na mimi nilikuwa njiani.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunajua kuhama. Muhidin Gurumo alipotoka JUWATA Jazz mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, shabiki alikuwa na la kufanya: amfuate au anune. Opeth hakuna wa kumfuata. Bendi ileile, mtu yuleyule. Iliyohama ni koo, tena haikuaga.

Sasa kwa kuwa hapakuwa na cha kuficha, niliipiga Heritage kwa sauti. Mama mkwe akatokeza kutoka jikoni. “Huyu anaimba vizuri. Nani?” Nikamwambia. “Yule yule?” Jumapili akatoa ushuhuda kanisani. Akaanza kufuatilia maendeleo ya mgonjwa wake. Pale Communion ya mwaka 2014 ilimsindikiza akikuna nazi. Sorceress ya mwaka 2016 niliipiga bila kumtajia jina, maana asingekubali kwamba mtu aliyeombewa sasa anaimba habari za mchawi. In Cauda Venenum ya mwaka 2019 ilitoka kwa Kiswidi na kwa Kiingereza. Yeye akachagua ya Kiswidi, akisema mtu aliyepona huimba kwa lugha ya kwao.

Ubaya ni kwamba albamu hizo si mbaya. Mbaya ungeitukana ukalala. Lakini katika nyumba ambayo ndala zangu huvaliwa na shemeji, taulo langu hupewa wageni, na chaja haina mwenyewe, Opeth ndiyo ilikuwa kitu pekee ambacho hakuna aliyekiazima. Sasa binti yangu anapiga mluzi wa nyimbo zao akienda dukani.

Novemba 2024 ikaja The Last Will and Testament, na mngurumo umerudi! Humo yumo pia Ian Anderson wa Jethro Tull na filimbi yake. Nikafungulia spika ya sebuleni hadi vioo vya kabati vikatetemeka. Mama mkwe akaja, akaketi, akausikiliza wimbo wote bila neno. Kisha akajifunga kanga vizuri.

“Huyu wa filimbi hana tatizo. Yule mwingine ndiye karudiwa. Kesho naanza kufunga.”

Nikamsihi sana afunge kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.